Isome nambari kabla ya kuinunua saa

WENGI wetu tuliujua umuhimu wa nambari zilizofichika mnamo 2012. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo, Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru simu ghushi zizimwe. Ghafla kila mtu, mzee kwa kijana, akawa anabonyeza *#06# ili azione zile tarakimu 15 za simu yake. Aliyekuwa na simu halali alishusha pumzi. Aliyekuwa na simu ghushi alifahamu kwamba jina lililoandikwa juu ya simu si hoja, hoja ni ile nambari.

Saa ya mkono ya bei ghali nayo ina nambari ya aina hiyo. Tofauti ni kwamba saa haina kitufe cha kubonyeza ili nambari ijitokeze. Ni lazima uitafute kwa macho, uijue maana yake, kisha uiulize maswali. Juma hili nimeona heri tuzungumzie saa hizo, hasa zile ambazo tayari zimevaliwa na mtu mwingine kabla ya kukufikia.

Usiseme, msomaji, kwamba hayo ni mambo ya matajiri na hayakuhusu. Saa za Rolex, Omega, Cartier na Patek Philippe hutufikia kwa njia nyingi. Jamaa anarejea kutoka ng'ambo na saa mkononi. Mzee anastaafu na kukabidhiwa saa na mwajiri wake kwa utumishi wa miaka mingi. Mama anabaki mjane na katika sanduku la marehemu anakuta saa ambayo hakuna aliyewahi kuuliza bei yake. Kijana naye anapigiwa simu na rafiki ya rafiki: kuna Rolex inauzwa, mwenyewe ana haraka, aje na pesa taslimu.

Katika hali hizo zote kuna hatari tatu. Ya kwanza ni kununua saa ghushi kwa bei ya saa halisi. Ya pili ni kuuza saa halisi kwa bei ya saa ghushi, na hili huzipata sana familia zinazouza vitu vya marehemu. Ya tatu ni kununua saa iliyo halisi kabisa, lakini ya wizi. Nambari ya saa, ikisomwa vyema, inaweza kukuepusha na hatari hizo zote tatu. Ikisomwa vibaya, inaweza kukutumbukiza ndani zaidi, na baadaye tutaona kisa cha watu waliobobea waliotumbukia.

Nambari mbili, kazi mbili

Jambo la kwanza ni kutofautisha nambari mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Kuna nambari ya aina ya saa, na kuna nambari ya saa yenyewe, ambayo mafundi wetu huiita siriali.

Fikiria gari. Maelfu ya magari yanaweza kuwa ya aina moja na ya umbo moja, lakini kila gari lina nambari yake ya chesisi. Nambari ya aina inasema hili ni gari gani. Nambari ya chesisi inasema ni lipi miongoni mwa hayo maelfu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayelipia gari lililotumika bila kulinganisha nambari ya chesisi na ile iliyo kwenye stakabadhi ya umiliki. Ajabu ni kwamba mtu yuyo huyo hulipia saa yenye bei sawa na ya gari bila hata kuigeuza aone mgongo wake.

Ni muhimu uzijue nambari zote mbili, kwa sababu ni lazima zisikilizane. Ikiwa nambari ya aina ni ya saa iliyoanza kuundwa miaka ya 2000, haiwezekani siriali iwe ya miaka ya 1970. Mojawapo inasema uongo.

Inakojificha

Kila kampuni ina desturi yake. Nitaeleza zaidi kuhusu Rolex kwa sababu ndilo jina linaloigwa mno.

Saa ya Rolex ina pembe nne ambazo mkanda hushikana nazo, mbili juu na mbili chini. Katika saa zilizoundwa kwa miaka mingi hadi miaka ya 2000, nambari ya aina imechongwa ubavuni kati ya pembe za juu, upande wa tarakimu 12. Siriali imechongwa kati ya pembe za chini, upande wa tarakimu 6. Hapa nazungumzia tarakimu zilivyo kwenye uso wa saa. Usije ukachanganya na saa sita ya mchana ambayo akrabu huionyesha penye 12! Mkanda unaziziba nambari hizo, kwa hivyo ni lazima uondolewe ndipo zionekane. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye kifaa kinachofaa. Usiifanye kwa kisu cha jikoni, kwani utaikwaruza saa na kuipunguzia thamani, na huenda si yako bado.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Rolex ilianza kuchonga siriali mahali pengine pia, kwenye ule ukingo wa chuma unaouzunguka uso wa saa chini ya kioo, upande wa tarakimu 6. Kufikia 2008 hivi, ile ya kati ya pembe ilikuwa imeachwa. Kwa hiyo saa mpya zaidi unaweza kuisoma bila kuondoa chochote, ukiwa na kioo cha kukuzia.

Omega za zamani ziliandikwa siriali ndani, juu ya mashine yenyewe, kwa hivyo ni lazima kifuniko cha nyuma kifunguliwe. Omega za siku hizi zina nambari ndogo mno iliyochongwa nje, na bila kioo cha kukuzia unaweza kuipita bila kuiona. Saa nyingi za Cartier huwa na nambari mgongoni, mahali pa wazi. Patek Philippe, kampuni ya Geneva iliyoanzishwa 1839, ina nambari mbili za saa moja: moja ya mashine ya ndani na nyingine ya kasha la nje. Nambari hizo mbili hazifanani, na hazitakiwi kufanana. Kinachotakiwa ni kwamba ziwe zimeandikwa pamoja katika vitabu vya kampuni.

Nambari na mwaka

Siriali inaweza kukueleza saa iliundwa lini, na hapo ndipo wauzaji waongo wengi hunaswa.

Nambari za Rolex zilikuwa zikipanda kwa utaratibu. Katika miaka ya 1950 zilipokaribia milioni moja, kampuni ilirudi nyuma ikaanza upya, na ndiyo sababu nambari fupi ya tarakimu sita inaweza kuwa ya vipindi viwili tofauti. Fundi akifungua kifuniko cha nyuma cha saa za miaka hiyo ya 1950, mara nyingi hukuta ndani yake alama ya robo ya mwaka kwa tarakimu za Kirumi, pamoja na mwaka wenyewe. Alama hiyo husaidia kumaliza ubishi.

Nambari ziliendelea kupanda hadi 1987, zilipokaribia milioni kumi. Hapo kampuni ilianza kutanguliza herufi. Herufi nne za kwanza zilikuwa R, L, E na X, yaani jina la kampuni bila O, kwani O ingechanganywa na sifuri. Baada ya hapo herufi hazikufuata alfabeti. S ilikuja mwaka wa 1993 hivi, T mwaka wa 1996, K mwaka wa 2001, F mwaka wa 2003, Z mwaka wa 2006, na V mwaka wa 2008. Ya mwisho ilikuwa G, ambayo ilifikia kikomo 2010. Tangu hapo Rolex hutumia mchanganyiko wa herufi na tarakimu nane usiofuata mpango wowote unaoonekana kwa nje. Ukiutazama huwezi kujua mwaka.

Haya basi, tuyatie mafunzo hayo kazini. Muuzaji anakuambia, "Hii ni ya marehemu baba, aliinunua Uingereza akisoma huko 1985." Mkanda unaondolewa na siriali inaanza na T. Baba hakuweza kununua mwaka wa 1985 saa iliyoundwa karibu 1996. Huenda saa ni halisi, lakini hadithi si ya kweli, na mtu anayebuni hadithi ya baba yake ana sababu. Au mwingine anadai saa yake iliundwa 2018, na ukimuuliza amejuaje anakujibu kwamba nambari yenyewe inaonyesha. Nambari za baada ya 2010 hazionyeshi mwaka. Muulize kadi ya dhamana iko wapi.

Omega nazo zilipanda kwa mfululizo. Zilifika milioni 10 katikati ya miaka ya 1940 na milioni 20 mapema katika miaka ya 1960. Ukiambiwa kwamba Omega yenye nambari inayoanza na 20 na tarakimu sita mbele yake ilivaliwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, sikiliza kwa adabu halafu uondoke.

Lakini kuna tahadhari. Orodha hizi za miaka zilikusanywa na mafundi na wapenzi wa saa baada ya kulinganisha saa nyingi na risiti zake. Si tangazo rasmi la kampuni. Tofauti ya mwaka mmoja au miwili si ushahidi wa ulaghai. Isitoshe, saa inaweza kukaa dukani muda mrefu kabla ya kuuzwa, kwa hiyo mwaka wa kuundwa na mwaka wa risiti si lazima viwe sawa. Tofauti ya miaka kumi ndiyo ya kutiliwa shaka, hasa risiti inapokuwa na tarehe ya kabla ya saa kuundwa.

Tazama ilivyochongwa

Ukiisha kuisoma nambari, itazame umbo lake. Katika Rolex halisi ya zama za nambari za pembeni, tarakimu zimekatwa kwa kina, mistari ni mikali na safi, nafasi kati yake ni sawa, na ukiigeuzageuza saa kwenye mwanga utaona mistari inang'aa. Katika ghushi nyingi tarakimu zimeunguzwa kwa asidi au kuchapwa juujuu. Ukizitazama kwa kioo utaona vitone vitone kama mchanga, na pengine zimekaa kombo.

Jihadhari pia na nambari ambayo haionekani kabisa. Ni kweli mkanda unaosugua kwa miaka thelathini unaweza kuififiza nambari. Lakini kuna tofauti kati ya nambari iliyochakaa na nambari iliyosuguliwa kwa makusudi. Iliyochakaa huacha kivuli chake, na chuma kilicho kando yake kimechakaa vilevile. Iliyofutwa huacha mahali palipong'arishwa peke yake. Mtu hafuti nambari ya saa yake mwenyewe. Ukikuta hali hiyo, usijadili bei.

Kisha kuna ujanja wa nakala. Mlaghai huchukua siriali moja ya saa halisi na kuichonga kwenye mamia ya saa bandia. Ukiiuliza nambari hiyo kwenye orodha, itakuambia bila kusita kwamba ni ya mwaka fulani na ni sahihi. Ndiyo, ni sahihi, ila ni ya saa nyingine iliyo mkononi mwa mtu mwingine. Njia moja rahisi ya kujikinga ni kuitafuta nambari hiyo yote kwenye intaneti. Ikiwa inatajwa kwenye saa tofauti zinazouzwa katika miji tofauti, umeshapata jibu lako.

Kisa cha Geneva

Hapa ndipo nilipotaka tufike, kwani kuna watu wanaodhani kwamba nambari ikiwa safi basi mambo yamekwisha.

Mnamo Novemba 2021, kampuni ya mnada ya Phillips iliuza mjini Geneva saa ya Omega Speedmaster iliyosemekana kuwa ya 1957, mwaka ambao aina hiyo ilianza kuundwa. Hiyo ndiyo aina ambayo baadaye ilivaliwa na wanaanga wa Marekani waliotua mwezini 1969. Uso wake uliokuwa mweusi ulikuwa umegeuka rangi ya chokoleti kwa ukongwe, na wapenzi wa saa huutamani sana uso wa namna hiyo. Wakadiriaji walitarajia ipate kati ya faranga 80,000 na 120,000 za Uswisi. Iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3.1. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Omega yenyewe, kwa ajili ya jumba lake la makumbusho.

Mnamo 2023, kampuni hiyo ilitangaza kwamba saa hiyo ilikuwa imeungwaungwa kutokana na vipande vya saa mbalimbali, vingi vyavyo vikiwa vipande halisi vya Omega. Ilisema kwamba watu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika katika njama hiyo, na suala hilo likapelekwa mbele ya vyombo vya sheria.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Mwenye jina, mwenye kiwanda, mwenye vitabu vya nambari zote, alilipa zaidi ya faranga milioni tatu kwa saa ya kuungaunga. Hakuuziwa bati lililopakwa rangi. Aliuziwa vipande vya kweli vilivyokusanywa ili visimulie uongo.

Funzo ni hili: nambari ni ya kipande ilichochongwa. Iliyo kwenye mashine inazungumza kuhusu mashine. Iliyo kwenye kasha inazungumza kuhusu kasha. Hakuna hata moja inayozungumza kuhusu uso, akrabu, kioo au mkanda. Fundi mlaghai anaweza kuchukua kasha halisi la saa iliyovunjika, lenye nambari safi kabisa, akatia ndani mashine ya bei rahisi na uso wa bandia. Nambari utaiona, utaipata kwenye orodha, na bado utakuwa umeibiwa.

Kwa hiyo usiiulize nambari, "Je, saa hii ni ya kweli?" Haiwezi kujibu swali hilo. Iulize, "Je, unakubaliana na vingine vyote?" Ikubaliane na nambari ya aina, na mashine ya ndani, na uso, na karatasi, na hadithi ya muuzaji. Shahidi mmoja anaweza kudanganya. Mashahidi watano wakiulizwa mmoja mmoja ni vigumu waafikiane kwa uongo.

Nambari na karatasi

Saa inayouzwa na kasha lake la kadibodi, kadi ya dhamana na risiti ina bei ya juu kuliko saa tupu. Ndiyo sababu karatasi nazo hughushiwa. Lililo la kwanza ni kulinganisha siriali ya kadi na ya saa, tarakimu kwa tarakimu, si kuzitupia jicho tu. Kadi halisi ya saa moja huweza kuuzwa pamoja na saa nyingine inayofanana nayo, na tofauti ikawa ya tarakimu moja katikati.

Baadhi ya makampuni hukuruhusu uulize vitabu vyao. Patek Philippe hutoa kwa malipo hati inayotaja nambari ya mashine, nambari ya kasha, tarehe ya kuundwa na tarehe ya kuuzwa. Ukiwa na saa ambayo mashine yake na kasha lake hazikuandikwa pamoja katika kitabu hicho, unajua mojawapo imetoka kwingine. Lakini kumbuka, hati hiyo hutolewa kwa kufuata maelezo ya aliyeiomba. Haithibitishi kwamba saa uliyoishika leo ndiyo hiyo. Mtu anaweza kuomba hati ya saa halisi na kuiambatanisha na ya bandia.

Rolex haitoi hati ya namna hiyo kwa umma. Hata hivyo, tangu Desemba 2022 kampuni hiyo ina mpango ambapo wauzaji iliowaidhinisha huuza Rolex zilizotumika baada ya kukaguliwa, kwa dhamana ya miaka miwili. Bei ni ya juu, ndiyo, lakini unalipia pia usingizi wako.

Ikiwa ni ya wizi

Kuna swali ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kwa sababu hawataki kusikia jibu. Saa imethibitika kuwa halisi. Je, ni ya nani?

Wizi wa saa ghali ni biashara kubwa katika miji ya Ulaya, na saa husafiri kuliko watu. Huko London kuna daftari liitwalo The Watch Register, linaloweka rekodi za makumi ya maelfu ya saa zilizopotea au kuibwa, na wauzaji hulitumia kabla ya kununua. Mnamo 2023 Richemont, kampuni inayomiliki Cartier, ilianzisha huduma nyingine kwenye intaneti iitwayo Enquirus, ambapo mtu anaweza kuingiza siriali na kujua ikiwa saa imeripotiwa kupotea, bila malipo. Ukiwa na nambari mkononi na simu yenye intaneti, ni jambo la dakika chache.

Jibu likiwa safi si hakikisho kamili, kwani si kila aliyeibiwa alijua nambari ya saa yake ili airipoti. Lakini jibu likiwa baya limekuokoa na mengi. Katika sheria zetu, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba anayeshughulika na mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Maneno "sababu ya kuamini" ndiyo ya kuzingatia. Nambari iliyofutwa, bei ya kutupa, muuzaji asiyetaka kutaja jina lake wala kuandika risiti, hizo zote ni sababu.

Na ikiwa uliyoinunua ni ghushi, usifikirie kuirudisha sokoni ili hasara imfikie mwingine. Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inaharamisha uuzaji wa bidhaa hizo, na haikuulizi kwanza kama nawe ulidanganywa.

Siku ya kununua

Basi siku ikifika, fuata utaratibu. Kabla hata ya kukutana, muombe muuzaji akutumie picha ya siriali na ya kadi. Akikataa kabisa, asikupotezee nauli. Muuzaji mwaminifu anaweza kuziba tarakimu mbili au tatu za mwisho, kwani walaghai huiba nambari kutoka kwa picha. Hilo ni sawa, mradi azionyeshe zote mtakapokutana.

Kutaneni kwa fundi wa saa uliyemchagua wewe, si aliyependekezwa na muuzaji. Mkanda uondolewe, nambari zisomwe kwa kioo cha kukuzia na kuandikwa karatasini. Kifuniko cha nyuma kifunguliwe, mashine itazamwe. Fundi aliyezoea atakuambia kwa haraka ikiwa mashine ni ya kampuni hiyo na ya miaka hiyo. Muuzaji akisema saa ikifunguliwa itaharibika, mjibu kwamba kila saa hufunguliwa inapohudumiwa.

Usitegemee vipimo vya mitaani. Wengine husema Rolex huijua kwa akrabu ya sekunde inayoteleza badala ya kurukaruka. Ni kweli kwamba nyingi huteleza, lakini ghushi nyingi nazo huteleza, na Rolex yenyewe iliwahi kuunda saa za betri kuanzia miaka ya 1970, ambazo akrabu zake huruka.

Kisha pima bei. Rolex mpya ya bei nafuu kabisa dukani hupita dola 5,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi nusu milioni. Anayekuuzia iliyotumika kwa shilingi 30,000 hakupendi kuliko anavyojipenda. Mwisho, muandikiane: jina lake, nambari ya kitambulisho chake, nambari ya aina, siriali, bei na tarehe, na kila mmoja atie sahihi. Pesa zitoke baada ya hapo, si kabla.

Saa iliyo nyumbani

Yawezekana huna mpango wa kununua saa yoyote. Lakini huenda kuna saa nyumbani mwenu, ya babu, ya mama, au iliyotolewa kwa sherehe ya kustaafu. Kabla ya kumpa mtu yeyote "aitazame bei", isomeni nambari yake ninyi wenyewe, muiandike, na mpige picha uso, mgongo na mashine. Anayeichukua atie sahihi kwamba amechukua saa yenye nambari hiyo. Kuna saa nyingi zilizopelekwa kusafishwa zikarudi na uso mwingine au mashine nyingine, na wenyewe wasiwe na la kuthibitisha.

Karatasi hiyo iwekeni pamoja na hati za shamba na vyeti vya kuzaliwa. Siku saa ikiibwa, mtakwenda kituo cha polisi na nambari, si na maelezo kwamba "ilikuwa ya rangi ya fedha na ina mkanda". Na siku mzee atakapotuondokea, watoto hawatauziana maneno kuhusu ikiwa saa ya baba ilikuwa ya kweli. Muulizeni angali hai aliipata wapi na mwaka gani, muandike jibu lake kando ya nambari.